Kwa nini lahajedwali inaona sakafu nyingi kuliko ninayoiona kwenye mchoro?

*"Mtaalamu, ninachora mazingira ya nje ya jengo kwa programu ya kuchorea ya Vectorworks. Kiwanja chote ni mita za mraba 2,400. Jengo limechukua 620, bustani na nyasi ni 880, bwawa ni 32. Sakafu ya nje ni ya aina tatu: vitofali, zege na changarawe. Nimeipima kipande kwa kipande nikapata 868, baada ya kutoa mashimo manane ya miti (kila moja mita 1.5 kwa 1.5) na kitanda cha maua cha mita 36 za mraba kilicho katikati ya vitofali. Lahajedwali ya programu inanipa 1,312. Mpango wa kwanza uliokataliwa bado umo kwenye faili, lakini leya yake (tabaka lake la mchoro) nimeizima. Kwenye vigezo vya lahajedwali niliweka tiki kila kisanduku ili isiachwe hata sehemu moja. Nilipotaka 'vitofali na zege' pamoja nikapata sifuri. Nikahamishia Excel nikachuja huko, lakini jumla ya chini haibadiliki hata nichuje nini. Mkandarasi anataka idadi wiki hii. Niamini kipimo changu au cha programu?"*

Pole kwa usumbufu, na hongera kwa kupima kwa mkono kabla ya kutuma. Wengi huichukua namba ya kwanza inayotoka kwenye programu na kuipeleka moja kwa moja kwa mkandarasi, kwa kuwa imeandikwa vizuri na ina desimali mbili. Kilichokuokoa ni ile shaka yako.

Nianze na swali lako la mwisho, maana umeshalijibu mwenyewe bila kujua. Jumlisha: sakafu 1,312, jengo 620, bustani na nyasi 880, bwawa 32. Unapata 2,844. Kiwanja chako ni 2,400. Zimezidi mita za mraba 444 ambazo haziwezi kuwepo ardhini, na 444 ndiyo tofauti kamili kati ya 1,312 na 868. Ukiweka 868 yako mahali pa 1,312, hesabu inafunga kwenye 2,400 bila kubaki wala kupungua. Kwa hiyo kipimo chako ni sahihi, nasi tumelijua hilo kabla ya kugusa kigezo chochote. Hesabu hii ya kufunga kiwanja naipenda kuliko hila zote za programu, na ningeomba iwe mstari wa kwanza wa kila lahajedwali utakayotengeneza: vipande vyote vya ardhi upande mmoja, mpaka wa kiwanja upande wa pili, na tofauti yake ionekane waziwazi. Isipokuwa sifuri au karibu na sifuri, usiendelee.

Sasa tuzitafute hizo 444 zimetoka wapi. Usije ukadhani programu imekosea kujumlisha. Imejumlisha vizuri kabisa, ila imejumlisha vitu ambavyo wewe hukukusudia.

Lahajedwali ya Vectorworks ina mistari ya namna mbili. Mstari wa kawaida unafanana na wa Excel: unaandika namba au fomula kwenye kisanduku. Mstari wa hifadhidata ni tofauti. Huo ni swali unaloliuliza faili lote: "Nionyeshe kila kitu chenye sifa hizi." Programu inapita kwenye kila kitu kilichomo, inakilinganisha na vigezo vyako, na kila kinachotimiza kinapata mstari wake mdogo chini ya mstari mkuu. Mstari mkuu unabeba jumla. Programu haina habari ya wazo ulilokuwa nalo wakati unachora, wala haitazami kioo cha kompyuta kama unavyokitazama wewe. Inasoma orodha ya vitu na sifa zilizobandikwa juu yake, basi. Shida zako zote, hata ile ya Excel, zinatokana na kusahau hilo mahali fulani.

Chukua leya uliyoizima. Kuzima leya ni amri ya macho: inaiambia programu isikionyeshe kitu. Kitu chenyewe bado kimo kwenye faili, bado kina klasi yake ya sakafu (jina la kundi ulilokipa), bado kina eneo. Usipotaja leya wala hali ya kuonekana kwenye vigezo, mpango wako uliokataliwa unahesabiwa sawasawa na ule uliokubaliwa. Hili limewaumiza watu wengi, na mimi ni mmoja wao. Miaka ya nyuma niliwahi kutuma idadi ya vitofali ikiwa na sakafu ya mpango wa pili ndani yake, na nikagundua mzigo ulipoanza kushushwa. Tangu siku ile, mpango uliokataliwa hautakaa kwenye faili langu la kazi. Ninauhifadhi kwenye faili lake lenye tarehe, kisha ninaufuta kwenye faili hai. Kama una sababu nzuri ya kuubakiza, basi kila mstari wa hifadhidata uwe na kigezo cha leya: leya iwe ile ya mpango uliokubaliwa. Kipo pia kigezo cha kuhesabu vinavyoonekana tu, lakini mimi sikipendi kwa kazi ya idadi. Kwa kigezo hicho, jumla yako itabadilika kila mtu atakapozima au kuwasha leya ili achapishe karatasi fulani, na namba ya mkataba haifai kutegemea nani alikuwa anatazama nini asubuhi hiyo.

Chanzo cha pili ni vile visanduku vya tiki. Ninaelewa nia yako, ulitaka pasiachwe kitu. Lakini visanduku vinavyosema programu iingie ndani ya alama (michoro midogo inayotumika tena na tena) na ndani ya vitu vilivyoundwa tayari vina maana nzito. Kitu cha sakafu katika programu za namna hii ni kifurushi: nje kuna umbo lote, ndani kuna uwanja wa kati, ukingo, pengine na mistari ya viungo. Ukiomba vitu vya klasi ya vitofali huku umeruhusu programu iingie ndani, na vipande vya ndani vimerithi klasi ileile, utapata umbo lote mara moja, kisha uwanja wake wa kati tena, kisha ukingo wake tena. Ardhi ni moja, imehesabiwa mara mbili. Ondoa tiki hizo. Ziwashe tu pale unapotafuta kitu ambacho kweli kinaishi ndani pekee, kwa mfano urefu wa ukingo, tena kwenye mstari wake wenyewe ambao hauchanganyiki na mstari wa maeneo.

Chanzo cha tatu tunaweza kukipima hapahapa. Mashimo manane ya mita 1.5 kwa 1.5 ni mara nane 2.25, yaani 18. Ongeza kitanda cha maua 36, unapata 54. Wewe uliyatoa ulipopima kwa mkono. Yaelekea programu haikuyatoa, kwa kuwa uliyachora juu ya sakafu badala ya kuitoboa sakafu. Eneo la umbo hukokotolewa kutokana na mipaka yake. Ukilaza umbo la kijani juu ya umbo la kijivu, macho yanaona tundu lakini kijivu kiko palepale chini, kizima.

Kama ndivyo, 54 zimeeleweka, zimebaki 390 za kugawana kati ya leya iliyozimwa na vipande vilivyohesabiwa mara mbili. Siwezi kukuambia kutoka hapa kila kimoja kimechukua ngapi, ila wewe utajua kwa dakika kumi. Ondoa tiki, kokotoa upya, andika jumla pembeni. Ongeza kigezo cha leya, kokotoa upya, andika tena. Badilisha jambo moja tu kila mara. Mwisho unapaswa kubaki na 922, yaani 868 pamoja na zile 54. Ukikuta 868, sakafu ulikwisha kuitoboa. Ukikuta namba nyingine, kuna chanzo cha nne ambacho hukunitajia, na njia ya kukikamata ni kuacha kutazama jumla na kutazama mistari midogo. Ifungue yote, ipange kuanzia eneo kubwa hadi dogo, kisha uihesabu. Ulichora vipande 14 vya sakafu lakini mistari iko 23? Basi 9 ni wageni. Bofya mgeni mmoja kwa kitufe cha kulia kwenye namba ya mstari wake, uchague amri ya kukiteua kitu hicho, na programu itakupeleka hadi kilipo kwenye mchoro. Mara nyingi utakuta nakala iliyolala juu ya mwenzake barabara hata jicho haliwezi kuiona, au kipande kilichobandikwa kwa bahati mbaya mbali kabisa na kiwanja.

Kuhusu kutoboa au kuondoa kwa hesabu, njia zote mbili ni halali na kila moja ina gharama yake. Kutoboa umbo la sakafu kunakupa eneo la kweli, na michoro yote inayotegemea umbo hilo inakuwa sahihi. Gharama yake ni kwamba mti ukihama, tundu la zamani linabaki na lingine lazima litobolewe. Njia ya pili ni kuiacha sakafu nzima, ukaweka mstari mwingine wa hifadhidata unaohesabu mashimo, na kutoa hiyo kwenye hii. Ni nyepesi wakati mpango bado unayumba. Hatari yake ni mti ulio pembeni: shimo likiwa nusu kwenye sakafu na nusu kwenye nyasi, utatoa shimo zima wakati sakafu imepoteza nusu tu. Ushauri wangu: toa kwa hesabu mpango unapobadilikabadilika, kisha toboa mpango ukishakubaliwa. Usifanye yote mawili kwa shimo lilelile, maana utaipunja sakafu mara mbili, na kosa hilo ni gumu kulinusa kwa sababu linaleta namba ndogo inayopendeza machoni pa anayelipa. Na kabla ya kuhangaika na vitundu vya vifuniko vya chemba, soma kanuni ya upimaji iliyomo kwenye mkataba. Mikataba mingi ina kiwango ambacho tundu dogo kuliko hicho halitolewi kabisa.

Sasa ile sifuri yako. Katika mazungumzo tunasema "nipe vitofali na zege", na kila mtu anaelewa kwamba tunataka vyote viwili. Programu haisikii hivyo. Kwake, "na" ni sharti juu ya kitu kimoja: kitu hichohicho kiwe vitofali na papo hapo kiwe zege. Hakuna kitu cha namna hiyo kwenye faili lako, basi jibu ni sifuri, na ni jibu sahihi. Ulichotaka ni "au": kila kitu ambacho ni vitofali au ni zege. Ukiandika kigezo kwa fomula, "na" ni alama ya & na "au" ni alama ya |. Unapochanganya vyote viwili, weka mabano mwenyewe, usiiachie programu iamue kipi kitangulie:

=AREA(((C='Sakafu-Vitofali') | (C='Sakafu-Zege')) & (L='Mpango-Kuu'))

C hapo ni klasi, L ni leya. Mabano ya ndani yanakusanya aina mbili za sakafu, kisha sharti la leya linazibana zote mbili. Ondoa mabano hayo ya ndani na sharti la leya linaweza kuishia kwenye zege peke yake, huku vitofali vya mpango uliokataliwa vikirudi mlango wa nyuma.

Lakini mkandarasi wako hataki jumla ya vitofali na zege. Anataka kila aina peke yake. Kwa hilo huhitaji mistari mitatu ya hifadhidata. Mmoja unatosha: unaomba sakafu zote za leya ile, unaweka safu ya klasi na safu ya eneo, kisha unaiamuru programu ifupishe mistari kwa safu ya klasi na ijumlishe safu ya eneo. Watu husahau amri ya pili. Wakishafupisha kwa klasi bila kuamuru safu ya eneo ijumlishwe, wanakuta vistari mahali pa namba, na wanadhani programu imeharibika. Vile vistari vinasema tu kwamba vitu vilivyokusanywa kwenye mstari huo vina maeneo tofauti, na hujaiambia programu ifanye nini na tofauti hizo.

Hapa niseme kidogo kuhusu sifa gani itumike kuchuja, kwa kuwa hili ndilo litakalokusumbua kwenye kazi zijazo. Leya inafaa kusema kitu kiko wapi au ni cha mpango upi. Usiipe kazi ya kusema kimetengenezwa kwa nini. Klasi ni nzuri kwa nyenzo, hasa ukizipa majina yanayoanza sawa, Sakafu-Vitofali, Sakafu-Zege, Sakafu-Changarawe, ili zikae pamoja kwenye orodha. Udhaifu wake ni kwamba klasi ina kazi nyingine: inatawala rangi, unene wa mistari na kuonekana. Siku mtu atakapohamisha kipande kwenda klasi nyingine ili kiwe na rangi nzuri kwenye picha ya mteja, atakuwa amebadilisha hesabu bila kujua. Rekodi, yaani kadi ya taarifa unayoibandika kwenye kitu, haina kazi nyingine ila kubeba taarifa: nyenzo, unene, awamu ya ujenzi, kama inapitisha maji au haipitishi. Kwa kazi kubwa mimi nachagua rekodi bila kusita. Ugumu wake ni nidhamu. Kitu ambacho umesahau kukibandikia rekodi hakitapiga kelele. Kitatoweka tu kwenye jumla, kimyakimya.

Ndiyo maana kila lahajedwali yangu ina mstari mmoja wa ziada, mstari wa waliosahaulika. Unaomba kila kitu cha sakafu ambacho sehemu ya nyenzo iko tupu. Ukiona mstari huo una kitu, kazi haijaisha. Kwa mradi kama wako wenye aina tatu tu, klasi zinatosha. Usijitwishe rekodi wiki hii mkandarasi akiwa mlangoni. Ila mstari wa waliosahaulika uweke hata kwa klasi: sakafu yoyote ambayo klasi yake si mojawapo ya zile tatu.

Tuje Excel. Pale hujakosea kuchuja, umekosea fomula ya chini. SUM inajumlisha kila namba iliyomo ndani ya masafa uliyoyataja, ziwe zimefichwa na kichujio au la. Kichujio nacho ni amri ya macho, sawa na leya yako iliyozimwa. Fomula inayoheshimu kichujio ni SUBTOTAL. Ukiandika =SUBTOTAL(9,D2:D40) itajumlisha mistari iliyopita kwenye kichujio na kuiacha iliyochujwa. Namba 9 hapo inamaanisha jumla. Lakini mistari uliyoificha kwa mkono, kwa kubofya na kuchagua kuficha, 9 bado inaihesabu. Ukitaka hiyo nayo iachwe, tumia 109. Na kama siku moja jumla ya chini itakuwa sifuri wakati namba unaziona, tazama kama zimekuja na alama ya mita za mraba ndani ya kisanduku. Excel huyachukua kama maneno, na maneno hayajumlishwi. Hamisha namba tupu, kipimo kiandike kwenye kichwa cha safu.

Bado hofu mbili ambazo hukuzitaja ila huulizwa sana. Ya kwanza ni kipimo, yaani kama namba ni za mita au za milimita. Lahajedwali hufuata kipimo cha eneo kilichowekwa kwenye faili. Mita moja ya mraba ni milimita za mraba 1,000,000, hivyo sakafu ya 868 ikitokea kama 868,000,000 hakuna kilichoharibika ila kipimo. Skeli ya kuchapishia, 1:100 au 1:200, haibadilishi eneo hata kidogo. Kinacholibadilisha ni mchoro ulioingizwa kutoka kwa mtu mwingine ukiwa umepanuka au umesinyaa. Kosa la asilimia 2 kwenye urefu linakuwa zaidi kidogo ya asilimia 4 kwenye eneo. Pima umbali mmoja unaoujua, ukuta mrefu wa jengo kwa mfano, kabla ya kuamini chochote kilichochorwa juu yake.

Ya pili ni mteremko. Umbo la bapa linakupa eneo kama linavyoonekana kutoka juu, na watu wanahofia kwamba sakafu ya mteremko inapunjwa. Inapunjwa kweli, lakini kidogo kuliko wanavyodhani. Kwenye mteremko wa asilimia 5, uso halisi unazidi eneo la juu kwa asilimia 0.125 tu, sakafu yako yote ya 868 ingeongezeka kwa mita moja na kidogo. Kwenye njia ya viti vya magurudumu ya 1:12 nyongeza ni asilimia 0.35. Hata mteremko mkali wa asilimia 20 unaongeza takriban asilimia 2. Vitofali vitakavyovunjika na kukatwa vitakula zaidi ya hapo. Usipoteze usiku kwa ajili ya mteremko, isipokuwa una ngazi, kwa sababu ngazi zina nyuso za wima ambazo mchoro wa bapa hauzioni kabisa. Hizo zihesabu peke yake.

Sasa namba utakayompa mkandarasi. Tuseme 868 zako zinagawanyika vitofali 512, zege 260, changarawe 96. Hizo ni namba za eneo lililosakafiwa, na ziandike hivyo. Kiasi cha kununua ni kitu kingine, nacho kikae safu nyingine. Kitofali cha milimita 200 kwa 100 kinaingia takriban 50 kwa mita moja ya mraba, hivyo 512 zinataka 25,600. Ukiongeza asilimia 7 ya kukata na kuvunjika unafika 27,392. Asilimia yenyewe inategemea mpangilio: mistari iliyonyooka inapoteza kidogo, mpangilio uliolazwa kwa nyuzi 45 unakata kitofali kila unapogusa ukingo. Usiichanganye nyongeza hii ndani ya eneo, kwa sababu mkandarasi mwangalifu ataongeza yake, na mteja atalipia upotevu mara mbili.

Wala usichukue eneo la sakafu ukalizidisha kwa unene wa tabaka la msingi ukaita hiyo ndiyo kokoto ya kuagiza. Msingi hupita nje ya ukingo wa sakafu. Njia ya upana wa mita 1.5 ambayo msingi wake unatoka milimita 150 kila upande ina msingi wa upana wa mita 1.8, yaani asilimia 20 zaidi. Kwenye uwanja mpana tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwenye njia nyembamba na ndefu itakuacha bila kokoto kazi ikiwa katikati. Ukiweza, chora umbo la msingi kama kitu chake chenyewe, chenye klasi yake. Hakikisha tu haliingii kwenye mstari wa sakafu, tusije tukarudi tulikoanzia.

Kwa kazi ya ukubwa huu, ukishapata mistari inayofunga kwenye 2,400, unaweza kutuma mwenyewe bila wasiwasi. Kokotoa upya lahajedwali dakika ileile unayotaka kuihifadhi, kwa sababu ukibadilisha mchoro bila kukokotoa, namba ya jana inaweza kubaki imekaa pale kama ya leo. Andika juu yake tarehe na jina la toleo la mchoro, ihifadhi kama PDF, na tuma pamoja na mchoro ambao namba hizo zimetoka. Mkandarasi akiuliza mwezi ujao 512 ilitoka wapi, utamwonyesha vipande vyenyewe.

Kuna mahali ambapo ningekuomba usitegemee maandishi yangu wala lahajedwali yoyote. Kama malipo ya mkandarasi yatatolewa kwa kila mita ya mraba iliyopimwa, mwite mkadiriaji majenzi aipitie orodha yako kabla haijasainiwa. Yeye ndiye anayejua tundu gani linatolewa na lipi halitolewi kwa mujibu wa mkataba wenu. Kama mipaka ya kiwanja uliipata kwenye mchoro wa zamani na hujaona jiwe la mpaka kwa macho yako, hizo 2,400 zenyewe ni za kutiliwa shaka, na hesabu ya kufunga niliyoisifu hapo juu haina miguu. Hapo anahitajika mpima ardhi aliye na vyombo vyake uwanjani. Na kama sehemu ya sakafu inabeba magari mazito au inapeleka maji karibu na msingi wa jengo, unene na mteremko ni uamuzi wa mhandisi. Ukienda kwa yeyote kati yao, chukua faili hai pamoja na ile PDF, ili waweze kufungua mistari midogo na kuona kila namba imesimama juu ya kitu gani.